Kiingereza cha polepole kilinipa masikio, hakikunipa mdomo



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja, anayesoma mwaka wa pili wa agronomia, aliniandikia hivi: "Yaya, nisikilize nini ndiyo nijue Kiingereza mbiyo? Batu banasema VOA, wengine banasema BBC. Mega ni chache, sitaki kupoteza." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, halafu nikaona jibu ni refu. Juu hivyo vyote viwili anavyouliza, mimi nilivisikiliza karibu miaka mine, na siku vilipotakiwa kunisaidia, havikunisaidia. Acha basi nivichambue hapa mbele ya wote. Sitavitukana, juu vina mazuri yake pia.

Kwanza hiyo siku yenyewe.

Nilikuwa nimemaliza lisansi, nikaomba kazi kwa mradi mmoja wa kilimo. Wakaniita kwa mazungumzo. Mezani walikuwa watu watatu, na yule wa kuuliza mambo ya shambani alikuwa agronomu kutoka Uganda, mtu mpole, mwenye kucheka. Dakika za kwanza zilienda vizuri: jina, masomo, memwari yangu ilihusu nini. Hayo yote nilikuwa nimeyakariri usiku kucha. Kisha akauliza swali moja kwa sauti ya kawaida tu. Mimi nilisikia: "How do farmers take their beans?" Nikaelewa: wakulima wa kwenu wanakula maharagi namna gani? Nilishangaa kidogo, lakini nikajisemea labda mradi unahusika na lishe. Nikajibu kwa furaha: wanachemsha, wanatia mawese, wanakula na ugali wa muhogo ao na ndizi, na watoto wanapewa mchuzi. Yule mzee akanyamaza. Akaangalia wenzake. Akaandika kitu kwenye karatasi.

Kosa nililigundua nikiwa juu ya pikipiki, narudi nyumbani. Kumbe alisema: "How do farmers stake their beans?" Yaani wakulima wa kwenu wanasimika namna gani ile miti ya maharagi yenye kupanda juu? Swali hilo ningelijibu hata usingizini! Mimi ni mtoto wa Lubero. Toka udogo nilikuwa nakata matete na miti kwa ajili ya maharagi ya mama. Najua mti gani unaoza mbiyo, najua mti mfupi unapunguza mavuno, najua na ile shida ya watu kukata miti michanga kila msimu kwa kutafuta vya kusimika. Kazi ilipita mbele ya macho yangu juu ya herufi moja, s, iliyojificha ndani ya s ya neno la mbele yake.

Na msiseme sikujua neno. "Stake" nilikuwa nimelisoma mara nyingi katika makala za kisayansi. Nililijua kwa macho. Kwa masikio, hapana.

Sauti ya Amerika: ngazi nzuri yenye vidaraja vya chini tu

Sasa tuchambue. Tuanze na Kiingereza cha polepole cha Sauti ya Amerika, kile kilichoitwa Special English na baadaye kikaitwa Learning English. Kilianza mwaka 1959. Wazo lake lilikuwa rahisi na zuri: kutumia maneno kama 1500 tu, sentensi fupi, wazo moja kwa sentensi moja, na kusoma polepole zaidi ya kawaida, karibu theluthi moja chini ya mwendo wa siku zote. Kwa mtu anayetoka katika shule zetu, ambapo mwalimu wa Kiingereza anafundisha Kiingereza kwa Kifaransa, hiyo ilikuwa mvua baada ya kiangazi. Mara ya kwanza niliposikiliza habari nzima na kuielewa yote mpaka mwisho, niliruka kitandani. Na sisi wa kilimo tulikuwa na bahati ya pekee, juu walikuwa na kipindi chao cha kilimo: mbolea, magonjwa ya mimea, ufugaji wa kuku. Nilijifunza maneno mengi ya kazi yangu hapo, pamoja na maandishi yake ya kufuata kwa macho.

Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya kazi za redio hiyo, lakini vipindi vya zamani bado vinazunguka kwenye telefone zetu. Wanafunzi wanapeana kwa kadi ya kumbukumbu, wanapeana kwa blutuu. Kwa hiyo bado inafaa kuvisema.

Ubaya wake ni upi? Ni ule ule wema wake. Ili tuelewe, msomaji anaachanisha maneno. Kila neno linasimama peke yake, limepigwa pasi, limevaa shati jeupe. Lakini katika maongezi ya kweli maneno hayasimami hivyo. Yanashikana mikono. "Farmers stake" inakuwa pumzi moja. "Did you" inakuwa kitu kama "diju". "Want to" inapoteza nusu yake. Herufi ya mwisho inahamia kwa neno linalofuata, ao inamezwa kabisa. Hicho ndicho kinachotushinda sisi, na ndicho kipindi cha polepole kinatuficha. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea ndani ya karai, halafu unamsukuma katika mto wa Semuliki.

Mtasema ninaongeza chumvi. Basi chukueni mfano mwingine wa kazi. Fundi anawaambia watu wake: "You can spray in the morning." Mnaweza kupulizia dawa asubuhi. Ao anawaambia: "You can't spray in the morning." Hamruhusiwi. Wenzetu wengi wa Uganda na Kenya wanatamka "can" na "can't" kwa irabu zinazokaribiana sana, na ile t ya mwisho inamezwa mbele ya s ya "spray". Polepole, utasikia tofauti. Kwa mwendo wa shambani, lazima uwe na masikio yaliyozoea, ao uwe na ujasiri wa kuuliza tena. La sivyo utapulizia dawa wakati nyuki wako katika maua. Kosa kama hilo halikupunguzii alama za mtihani tu, linaua mizinga ya jirani.

Mahali masikio yetu yanakwama

Kuna kitu walimu wetu hawakutuambia, na hata vipindi hivi havituambii, juu vinafundisha dunia nzima kwa pamoja, havijui wewe unatoka wapi. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa hiyo masikio yetu yana vikapu vitano, na matunda yanayokuja ni ya aina zaidi ya kumi; tunayachanganya tu. "Beans" na "bins", maharagi na mapipa ya taka, tunaweka kapu moja. "Leave" na "live", kuondoka na kuishi, kapu moja. Kifaraansa nacho hakitusaidii hapo, juu nacho kina i moja tu. Tena Kifaransa kinatufundisha kuacha h, halafu tunasema "arvest" badala ya "harvest".

Kiswahili nacho kinapenda neno liishe kwa irabu. Mdomo wetu unataka kumalizia: "fieldi", "cropu", "seedi". Si dhambi, ndivyo tulivyolelewa, na Mganda ao Mkenya atakuelewa. Shida inakuja kwenye masikio: tunangoja irabu ya mwisho ambayo haitakuja, na tukiwa bado tunaingoja, yule mtu yuko tayari katika sentensi ya tatu.

Nani anaweza kutupatia zoezi la hayo? Ni mtu anayetujua. Ndiyo maana nasema programu ya kigeni, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuwa mwalimu wa peke yake.

BBC: maongezi ambayo hakuna anayekatwa maneno

Cha pili ni kile cha BBC cha dakika sita, 6 Minute English. Hapa tunapanda daraja. Watangazaji wawili wanaongea juu ya jambo moja, mwendo ni wa kasi kidogo, kuna kipande cha sauti ya mtaalamu anayeongea kama anavyoongea kwao. Mwanzoni wanauliza swali lenye majibu matatu, jibu linatoka mwishoni. Katikati wanaeleza maneno mapya. Dakika sita ni kipimo kizuri kwa mtu wa mega chache. Sauti ya huyo mtaalamu wa katikati ndiyo dhahabu ya kipindi chote, juu pale ndipo maneno yanashikana mikono.

Jambo moja zuri ambalo wengi hawalioni: kwenye karatasi ya maandishi wanaonya wenyewe kwamba si neno kwa neno. Wanafunzi wanalalamika juu ya hilo. Mimi nasema ni zawadi. Sikiliza ukiwa na karatasi, tafuta pale sauti na maandishi vinapoachana. Ukipata pamoja pawili, ujue masikio yako yameanza kufanya kazi yenyewe bila fimbo ya macho.

Lakini nacho kina mpaka wake. Wale watangazaji wawili wanasoma. Hakuna anayemkata mwenziwe. Hakuna anayesema "eh? umesema nini?" Hakuna anayesahau neno na kulizunguka kwa maneno mengine. Yaani sehemu yote ya maongezi ambayo mwanafunzi anaihitaji zaidi, ile ya kukwama na kujikwamua, wameisafisha ikatoka. Na wakikuuliza swali, majibu matatu yako mezani, wewe ni kuchagua. Pale mbele ya yule Mganda, hakuna mtu aliyenipa majibu matatu.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya vyote viwili ni hii: ni masomo mazuri ya kusikiliza ambayo watu wanayachukua kama masomo ya kuongea. Vipindi vyenyewe havikudanganya mtu. Sisi ndio tulijidanganya, kwa sababu kusikiliza peke yako na visikizi masikioni hakuna haya. Hakuna anayekusikia ukikosea.

Na sisi wenyewe, katika klabu zetu

Hapa nafika mahali panaponiuma. Tuna klabu za Kiingereza karibu katika kila chuo. Na tunafanyaje humo? Jumamosi mtu anasimama na hotuba aliyoandika, ikasahihishwa na rafiki, akaikariri. Mada ni zile zile: pesa na elimu, mji na kijiji, kipi bora? Anayetumia neno refu anapigiwa makofi. Anayekosea anachekwa.

Mimi pia nilicheka. Tulikuwa mwaka wa kwanza. Dada mmoja wa promosiyo yetu alisimama akasema "I am agree", kama Kifaransa kinavyosema. Ukumbi mzima ulipasuka, na mimi nikiwemo, nikapiga na meza. Yule dada alimaliza sentensi yake, akakaa. Jumamosi iliyofuata hakuja. Hakurudi tena hadi tunamaliza masomo. Sikufikiri juu yake hata siku moja, mpaka ile siku ya mazungumzo ya kazi. Juu kwa nini sikumwambia yule mzee "samahani, sikusikia vizuri, rudia"? Maneno nilikuwa nayo. Niliogopa kuonekana sikuelewa. Kicheko kile nilichompigia dada yule kilikuwa kimekaa ndani yangu, kikingoja zamu yangu.

Hasara yetu iko hapo kuliko kwenye sarufi. Tumejenga mahali ambapo kuuliza ni aibu, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayejua kuongea.

Wale wanaokwenda Kampala

Linganisheni na wachuuzi wetu wa Butembo, wale wanaoshuka Kasindi, wanavuka Mpondwe na kwenda mpaka Kampala kuchukua mali. Wengi wao hawakukaa katika darasa la Kiingereza hata mwezi mmoja. Lakini wanaongea! Mama anasema bei, Mganda anajibu mbiyo mbiyo, mama anamwambia "say again", rudia, naye anarudia. Hakuna haya, juu kuna pesa mezani. Akikosa kuelewa "fifteen" na "fifty", kumi na tano na hamsini, mtaji umeenda. Kwa hiyo anauliza mara mbili, mara tatu, anaandika namba kwenye kiganja, anahakikisha.

Sisemi tuache vitabu tukauze vitenge. Kiingereza cha soko hakitakuandikia ripoti ya mradi, na wao wenyewe wanalijua hilo. Lakini wana kile kipande ambacho sisi wa lisansi hatuna, na hawakukipata kwa kusikiliza. Walikipata kwa kujibu watu waliokuwa wanangoja jibu.

Nasikiliza nini sasa

Mdogo wangu, jibu lako liko hapa. Anza na vya polepole kama bado uko chini kabisa, miezi mitatu, isizidi. Halafu utafute sauti za majirani. Kwa sisi wa kilimo kuna kipindi cha televisheni cha Kenya, Shamba Shape Up, kilichoanza 2012. Timu inafika katika shamba la familia moja, wanatengeneza banda, wanaangalia udongo, wataalamu wanaelekeza namna ya kupanda na kulisha mifugo. Kinatolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tazama cha Kiswahili kwanza, ujue jambo lenyewe, kisha uende kwa Kiingereza. Hapo utasikia watu wanaongea wakiwa wamesimama katika upepo, kuku wanalia nyuma yao. Na kosa lake? Limo: wanakimbia, wanataka kuonyesha mambo mengi kwa muda mfupi, na matangazo ya dawa na mbegu yanajipenyeza. Lakini kwa masikio ya Mkongomani anayetaka kazi katika ukanda huu ambao nchi yetu imejiunga nao tangu 2022, sauti hizo ndizo atakazokutana nazo mezani.

Usisikilize saa nzima. Chukua nusu dakika. Andika kila neno unalosikia, bila msaada. Rudia mara kumi. Pale palipobaki tupu, hapo ndipo maneno yameshikana, pachoree mstari. Kisha ongea pamoja nao, kwa mwendo wao, mpaka mdomo wako nao ushikanishe. Nusu dakika kila siku haimalizi mega.

Na kwa kuongea, napendekeza klabu zetu zibadilishe sheria tatu. Moja: hakuna karatasi. Mbili: mtu aeleze kitu anachokijua kwa mikono yake. Mwanafunzi wa kilimo aeleze namna ya kukata ua la dume la mgomba kwa kijiti chenye panda ili ugonjwa wa mnyauko usiingie. Wa uuguzi aeleze namna ya kufunga kidonda. Tatu, na hii ndiyo kubwa: wasikilizaji walazimike kumkata na kuuliza mara tatu, naye alazimike kueleza upya kwa maneno mengine. Asiyeuliza ndiye achekwe, kama ni lazima kuwe na wa kuchekwa.

Tulijaribu hivyo watu wanne, nyumbani kwangu, miezi michache sasa. Bado tunakosea sana. Mimi "beans" na "bins" bado zinanichanganya nikichoka. Lakini juzi mgeni mmoja alinipigia telefone kwa Kiingereza juu ya mbegu za viazi, laini ikakatakata, na nikamwuliza mara mbili arudie bila moyo kudunda. Ni jambo dogo. Kwangu lilikuwa kubwa.

Kwa hiyo, mdogo, kabla ya kupakua kitu chochote, kariri sentensi moja hii: "Sorry, could you say that again?" Samahani, unaweza kurudia? Iseme kwa sauti mbele ya mtu, leo, mpaka haya itoke. Mimi sentensi hiyo ilikuwa inatosha kunipatia kazi.

Na yule dada wa "I am agree", kama anasoma hapa: utusamehe. Kiti chako Jumamosi kiko.